Mto Hauna Pembe

Kabla ya kompyuta kushika kila kitu, mtaalamu wa maji chini ya ardhi alilazimika kuizoea ramani yake kwa macho na vidole. Alitandaza karatasi angavu yenye miraba juu ya ramani ya mito, miamba na visima, kisha akapita mraba mmoja baada ya mwingine na penseli yake, akiamua: huu ni mchanga, ule ni graniti, huu unapitiwa na mto, ule uko nje ya bonde. Michael McDonald na Arlen Harbaugh wa shirika la jiolojia la serikali ya Marekani walipotoa programu ya MODFLOW, ya kutengeneza modeli za maji ya ardhini, mwaka 1984, utaratibu huo ulipata umbo lililotumika kwa miaka mingi: bonde zima likawa majedwali ya namba, tabaka juu ya tabaka, 1 ikiwekwa penye maji ya kukokotolewa, 0 pasipohusika, na -1 pale ambapo kimo cha maji hakibadiliki. Siku hizi mistari ya ramani hugeuzwa majedwali kwa amri moja, kwa sekunde chache. Wengi hushangilia kwamba jasho limeondoka, lakini mara nyingi limeondoka pamoja na uamuzi.

Uamuzi ulihitajika kwa sababu vitu vya ramani havifanani. Mwamba huhesabiwa kwa eneo: unaotawala sehemu kubwa ya mraba ndio unaoupa mraba jina. Visima huhesabiwa kwa kujumlisha: vitatu vikiangukia mraba mmoja, maji yanayovutwa na vyote vitatu lazima yawemo. Mvua inayopenya ardhini hutafutiwa wastani. Mto una tabia yake peke yake, kwa sababu kinachotakiwa ni urefu wa mto ndani ya mraba, wala haitoshi kujua kwamba umepita humo. Amri ya haraka haijui tofauti hizi. Mara nyingi huangalia tu kilichopo katikati ya mraba, au kilichougusa, ikajaza namba na kuendelea.

Tuchukue mfano wa miraba miwili yenye upande wa mita 200. Katika mmoja mto unajipinda, ukaacha humo mita 340 za mkondo. Katika wa pili unakata pembe tu, mita 12. Tuseme mto una upana wa mita 10, na tope la kitako chake lina unene wa mita 1 na hupitisha maji nusu mita kwa siku. Kimo cha mto kikizidi cha maji ya ardhini kwa mita 1, mraba wa kwanza utapenyeza mita za ujazo 1,700 kwa siku na wa pili 60. Mvivu atakayeupa kila mraba ulioguswa mita 200 atapata 1,000 na 1,000. Jumla ya kweli ni 1,760, yake ni 2,000. Kila siku mto unapotiririka, mita za ujazo 240 zimezaliwa na ramani, si na mvua. Haba na haba hujaza kibaba. Na mto una miraba mamia.

Hesabu hiyo inauma zaidi kwetu Tanzania. Kumbukumbu za miaka 55 za Makutupora, chanzo kikuu cha maji ya Dodoma, zilizochapishwa na watafiti mwaka 2013, zilionyesha kwamba hifadhi ile ya maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, ukiwamo wa El Niño ya 1997/98. Utafiti uliofuata uliitaja mito ya msimu kuwa njia ya maji hayo kuingia ardhini. Kwa hiyo mstari mwembamba wa mto mkavu ndio mlango wenyewe wa hifadhi. Na mlango huo ni rahisi kuhamishwa: ramani zetu za zamani zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84, na asiyezilinganisha huusogeza mto karibu mita 300, mraba mzima na zaidi. Hata ukikaa mahali pake, kuna mtego mwingine. Katika modeli ya aina hii maji hupita ubavuni mwa miraba, hayapiti kwenye pembe zake. Mkondo wa changarawe uliozikwa ardhini ukienda mshazari, na miraba yake ikagusana kwa pembe tu, machoni utaonekana mzima, lakini kwa maji umekatika vipande. Fundi huongeza mraba wa ubavuni ili njia iungane, kama msusi wa mkeka anayepinda ua kwa ukindu ulionyooka.

Watasema: punguza ukubwa wa miraba, au tumia gridi zisizo za mpangilio sawa, zilizokuja na MODFLOW-USG mwaka 2013. Ni vyombo vizuri, na makosa ya umbo hupungua kweli. Lakini mstari wa penseli wa nusu milimita kwenye ramani ya jiolojia ya 1:125,000 una upana wa zaidi ya mita 60 ardhini. Mraba wa mita 10 hauwezi kuujua mpaka wa miamba vizuri kuliko aliyeuchora. Wengine watasema kosa litarekebishwa modeli ikilinganishwa na vipimo vya visima. Hapo ndipo hatari ilipo. Urefu wa mto ukikosewa, namba ya tope itavutwa hadi majibu yafanane, na modeli itapendeza. Siku pampu zikiongezwa, kosa lililofichwa litatoka, na wakati huo visima vitakuwa vimeshachimbwa.

Hakuna anayetaka turudi kwenye penseli. Programu ya leo inaweza kukata mto kwa kila mraba na kupima vipande vyake vizuri kuliko jicho lolote, ikiagizwa. Anayeiagiza ndiye aliyesahau kuuliza. Basi wanaofundisha vijana kazi hii wawape kwanza karatasi ya miraba na mto mmoja, waijaze kwa mkono mpaka mwisho, ndipo wawafungulie kompyuta. Na mkuu wa mradi asikubali ripoti ya visima vipya kabla ya kuonyeshwa ramani na gridi, moja juu ya nyingine.