Akaunti ya Chuo Ikifungwa

Mtu anayefanyia utafiti wake wa uzamili Ifakara huwa na akaunti mbili au tatu kwa mpigo: ya chuo alikosajiliwa, pengine Arusha au Ulaya; ya taasisi iliyompokea; na ile ya Gmail aliyofungua aliponunua simu. Anazitumia zote bila kuzitofautisha. Jedwali la mbu walionaswa Lupiro liko kwenye akaunti ya chuo, picha za nyumba zinapanda zenyewe kwenye Gmail, rasimu ya tasnifu iko ndani ya folda ya msimamizi. Kisha anahitimu, chuo kinafunga akaunti, na hapo ndipo linapozuka swali lililostahili kuulizwa mwanzoni: kila faili ni la nani?

Kwenye Google Drive, faili ni la akaunti iliyolitengeneza, si la mwenye folda. Ukiweka jedwali lako ndani ya folda ya msimamizi, folda ni yake, jedwali bado ni lako. Akaunti yako ikifutwa bila umiliki kukabidhiwa mwingine, jedwali linatoweka hata kwake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akilifungua kila asubuhi. Fundi wa mfumo wa chuo ana siku 20 tu za kuirudisha akaunti ya Google iliyofutwa. Kwa Microsoft, OneDrive ya aliyeondoka hubaki siku 30, kama chuo hakijabadilisha mpangilio huo.

Umiliki wenyewe hauvuki kutoka akaunti ya chuo kwenda Gmail binafsi, mfumo unakataa. Kinachowezekana ni kunakili, na nakala ni faili jipya. Historia ya mabadiliko haiji nayo, wala orodha ya watu uliowaruhusu kulisoma. Fomu ya maswali iliyokuwa ikimimina majibu kwenye jedwali la zamani inaendelea kuyamimina huko huko, na anayesoma nakala haoni jipya lolote. Hili la fomu ndilo ningelichunguza kwanza, maana halitoi onyo.

Njia ya kunakili ina uzito wake kwa mtu aliye Ifakara. Wengi hupakua kila kitu kwenye kompyuta, kisha wakapakia upya upande wa pili. Kila baiti inapita kwenye bando lako mara mbili, na rekodi za sauti za mahojiano si ndogo. Kwa waliomo ndani ya Google, kuna huduma ya kuhamisha maudhui kutoka akaunti ya shule au chuo kwenda Gmail, iwapo chuo hakijaizima. Hiyo hunakili kutoka seva hadi seva. Unaweza kuzima kompyuta ukaenda zako Mlimba, kazi ikaendelea. Kwa kawaida huchukua saa kadhaa, na huweza kufika wiki. Kabla ya hapo pima nafasi: Gmail ya bure ina GB 15, na humo zimo barua, picha na mafaili kwa pamoja. Vyuo navyo vimebanwa. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo kwa taasisi za elimu inakoma, na tangu Julai 2022 kiwango cha msingi ni TB 100 kwa taasisi nzima.

Kutoka Google kwenda OneDrive ni habari nyingine. Hapo mafundi hutumia rclone, programu ya bure, lakini data hupitia kwenye mashine inayoiendesha. Basi iendeshwe kwenye mashine ya ofisi yenye mtandao wa uhakika, si kwenye kompyuta mpakato iliyounganishwa na simu. Na ukimaliza, usiridhike na amri ya kulinganisha. Google na OneDrive hazitumii aina moja ya alama za uhakiki, hivyo rclone inalinganisha ukubwa tu, isipokuwa ukiiagiza isome mafaili yote upya pande zote mbili. Kwa data ambayo haitakusanywa tena, gharama hiyo ilipwe.

Lakini mimi naamini sehemu kubwa ya mafaili haya haikupaswa kuhamia Gmail ya mtu kabisa. Ifakara yenyewe inatufundisha. Mwaka 1996 ulianza hapa mfumo wa kufuatilia kaya za Kilombero na Ulanga, ili kupima kama vyandarua vya mradi wa KINET vinaokoa watoto. Kaya zilitembelewa kila baada ya miezi minne: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. KINET ilikwisha, wahojaji wakabadilika, kituo kikabadili jina kikawa Ifakara Health Institute mwaka 2008, na kumbukumbu zikaendelea kutumika kwa sababu zilikuwa mali ya kituo. Katika wingu, kinachofanana na hilo ni hifadhi ya pamoja: faili likiwekwa humo linakuwa la taasisi, na aliyeliweka akiondoka, linabaki. Mradi ufunguliwe humo tangu siku ya kwanza, na suala la kunakili wakati wa kuondoka linapungua hadi vyeti, barua na rasimu za mtu binafsi.

Kuna pia sheria. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Kuondoa majina kwenye jedwali hakutoshi iwapo faili linalounganisha namba na majina limo kwenye folda ile ile. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, hivyo picha ya nyumba ya Namwawala inaweza kumfikisha mgeni hadi mlangoni. Vitu hivi viwili vibaki kwenye taasisi. Kinachobaki, kikihitaji ruhusa, kiombewe ruhusa hiyo kwa maandishi wakati akaunti ya chuo ingali hai, kwa kuwa majibu nayo yatakuja kwenye anwani hiyo hiyo.