Swali la Pili

Mtangazaji wa kipindi cha mahojiano mimi humpima kwa kitu kimoja: swali lake la pili. La kwanza hata mimi naliweza. Mgeni alishalitarajia, na jibu lake lilipigwa pasi nyumbani pamoja na suti. Kazi inaanza jibu likishatoka.

Ukitaka kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri, enda Soko la Burma, pale Jogoo Road karibu na City Stadium. Mama akifika buchani anauliza kama nyama ni ya leo. Akiambiwa ni ya leo, anauliza mbona imekauka pembeni. Akiambiwa ni upepo, anasema haya, geuza nione huku chini. Hapigi kelele, hagombani na mtu. Pesa tu ndiyo haitoki mpaka jibu lifanane na nyama.

Sasa mweke kando ya Jeff Koinange. Simchukii Jeff. Ile sauti, ile miaka ya CNN, ule uchangamfu unaofanya Jumatano usiku watu wasibadilishe chaneli, si kila mtu anaweza. Shida yangu na JKLive ni ile "Oh my!" yake. Mgeni anatupa dai zito mezani, na pale swali la pili lingekaa, inakaa "Oh my!" Dai linashangiliwa, halipimwi. Mwaka wa 2016, akiwa bado KTN, Miguna Miguna alimtusi Esther Passaris mbele yake mpaka maneno ya ubakaji yakapita hewani. Kipindi kikaondolewa. Watu waliongea sana kuhusu mdomo wa Miguna. Mimi naona hata kiti cha mwenyeji kilikuwa na deni, kwa sababu mwenye kipindi ndiye mwenye breki.

Larry Madowo alipokuwa The Trend pale NTV, kabla ya BBC na CNN, alikuwa anacheka pia, lakini utani wake ulikuwa na ncha. Mgeni alicheka huku akijikunakuna.

Halafu kuna Juni 2024. Tarehe 30, siku 5 baada ya vijana kuingia Bunge, Rais Ruto aliketi Ikulu na Linus Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff. Tuseme ukweli, walimbana. Alisema waliokufa ni 19. Kesho yake tume ya haki za binadamu, KNCHR, ikasema ni 39. Hapo ndipo unaona uzito wa swali la pili: kati ya hizo namba mbili kuna watu 20, na kila mmoja ana kwao.

Tarehe 5 Julai, Rais akaingia Space ya X. Hakukuwa na taa, poda wala mapumziko ya matangazo. Vijana walimuuliza bila kumpamba. Kulikuwa na fujo kiasi, lakini wengi tulisikia kiongozi akiulizwa vile sisi huulizana mtaani.

Najua utetezi wa stesheni: ukimbana mgeni sana, harudi, na mwenye matangazo anaogopa. Sawa. Lakini mgeni anayekuja kwa sababu anajua hataulizwa, anamsaidia nani? Na mbona bei ya nyama ijadiliwe kwa Kiingereza na wachambuzi wanne wenye tai, bila hata muuza nyama mmoja? Wasee wa Burma wanatazama hivyo vipindi. Wanajua hesabu kuliko wengi wanaoketi pale.

Sidai mengi. Siku moja tu, waziri akisema bei ya vitu imeshuka, mtangazaji asicheke. Amuulize imeshuka soko gani, na kilo ilikuwa ngapi. Akishajibu, aulizwe tena.