Jina, Jicho na Mwenye Jina: Swali Kutoka Nyalenda

Katika uhakiki wa riwaya za Kiswahili, jina la mhusika aghalabu husomwa kama muhtasari wa tabia yake. Mhakiki hufungua kamusi, akapata maana, kisha akaisaka maana hiyo katika matendo ya mhusika. Akiipata, kazi imekwisha. Nami nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, hadi mwanafunzi mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, aliponiuliza: "Mwalimu, sisi tunaoishi Pandpieri tusomwe vipi?" Darasa liliangua kicheko. Pandpieri ni sehemu ya Nyalenda, na kwa Kijaluo jina hilo, likifasiriwa neno kwa neno, linamwamuru mtu afiche makalio yake. Lakini hakuna anayeisikia amri hiyo anapomwelekeza mgeni njia. Maana ipo, ila masikio ya wenyeji yamekwisha kuipita.

Swali hilo lina uzito kuliko kicheko chake. Majina kama Otieno, mzaliwa wa usiku, au Okoth, mzaliwa wa wakati wa mvua, hayadai kuijua tabia ya mtu. Yanahifadhi kile walichokiona wengine alipowasili. Lipo pia jina la juogi, yaani la marehemu wa ukoo. Mtoto anayelia bila kukoma hutajiwa majina ya wafu, na lile linalomnyamazisha ndilo lake. Hapa mtoto anaonekana kuchagua mwenyewe. Hata hivyo, wanaoufasiri ukimya wake ni watu wazima, nao wana haja zao.

Haja hizo zilidhihirika katika kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Hakuna aliyebisha kwamba marehemu aliitwa Otieno. Kilichobishaniwa ni Otieno yupi: wakili wa mjini aliyeishi na mkewe Mkikuyu, au mwana wa ukoo? Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Ujaluo wa kuzaliwa hauvuliwi, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, baada ya miezi mitano. Kwa maoni yangu, mahakama ilimsoma marehemu jinsi sisi wahakiki tunavyowasoma wahusika: maana ya mwanzo ikatosha, na maisha yaliyofuata yakawa ziada.

Tazama basi Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Msimulizi anaitwa Kongowea Mswahili, mtaa wa Mombasa na jamii ya pwani katika jina moja; lakini safari yake inatoka Tanga hadi Kitale, kumtafuta baba asiyemjua. Jina latangaza pwani, miguu yaelekea bara. Kamusi haitusaidii hapo. Mwandishi mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Waliaula akachagua kuitwa Walibora. Kwa Kiswahili, "aula" na "bora" ni visawe, maana haikuhama. Kilichohama ni sikio: nani atalisikia jina hilo kuwa ni la kwao.

Siku hizi katika mtihani siulizi tena jina la mhusika lina maana gani. Nauliza nani alimpa, na nani katika riwaya anakataa kumwita hivyo. Majibu yamekuwa marefu zaidi, na alama, nakiri, zimeshuka.