Nchi ipo, wenyeji hawako: Tafakuri ya aliyerudi RuneScape

Juzi nilirudi katika nchi niliyoihama mwaka 2009. Sikupanda basi wala kukata tiketi ya ndege. Nilifungua kompyuta, nikabahatisha nywila mara nne, ya tano ikakubali, na mara nikamwona mhusika wangu amesimama wima, shoka mkononi, kana kwamba nilikuwa nimetoka kidogo kwenda dukani kununua maziwa. Nchi yenyewe inaitwa Gielinor. Huipati kwenye atlasi. Imo ndani ya RuneScape, mchezo wa mtandaoni ulioanzishwa nchini Uingereza Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na nduguze, ambamo maelfu ya watu huvaa uhusika na kuishi katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja.

Najua msomaji wa safu hii atauliza: mwalimu wa fasihi na gemu, wapi na wapi? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kurudi kule kumenifunza jambo ambalo nimelisomesha darasani kwa miaka mingi bila kulielewa sawasawa. Jambo hilo ni kuwa kuihifadhi hadithi si sawa na kuuhifadhi utambaji wake.

Nilianza kuucheza mchezo huu mwaka 2006 katika saiba moja mjini Nakuru, shilingi moja kwa dakika. RuneScape ilitufaa kwa sababu mbili za kimfuko. Ilichezwa bila malipo, na iliendeshwa ndani ya kivinjari, hivyo basi mwenye saiba hakuhitaji kununua wala kusakinisha gemu yenyewe kwenye mashine zake kuukuu.

Anayeanza hupewa kazi ndogo. Katika ngome ya Lumbridge kuna mpishi aliyechanganyikiwa. Bwana wake anasherehekea siku ya kuzaliwa naye hana yai, hana maziwa, hana unga wa kuoka keki. Ukikubali kumsaidia, unamkama ng'ombe, unaokota yai kwenye uwanja wa kuku, unavuna ngano na kuipandisha kinuni kuisaga. Mwenzetu mmoja kutoka Njoro alikuwa akitoroka kukama ng'ombe wa kwao ili aje alipe shilingi 60 kwa saa akame ng'ombe wa Lumbridge. Tulimcheka sana. Lakini hata sisi tuliomcheka tulikuwa foleni moja naye, ndoo mkononi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua hadithi hii mara moja. Mwaka 1928, Mrusi Vladimir Propp alionyesha kuwa ngano za kichawi za kwao hujengwa kwa matendo yanayojirudia: panatokea upungufu au madhara, shujaa anatumwa, anajaribiwa, anafanikiwa, anatuzwa. Mpishi wa Lumbridge ni upungufu huo uliovaa aproni. Tofauti ni kwamba katika ngano shujaa ni mmoja, ilhali hapa mashujaa elfu moja wanaleta yai lilelile kwa mpishi yuleyule asiyeshiba mayai. Tukikichunguza kisa hiki kama maandishi matupu, ni chepesi mno. Uzito wake ulitoka kwingine.

Ulitoka pale saiba. Mchezo ulikuwa kwa Kiingereza, na baadaye zikaja tafsiri rasmi za Kijerumani, Kifaransa na Kireno cha Brazili. Kiswahili hakikufikiriwa. Hata hivyo, sisi tuliutafsiri kila siku bila kulipwa. Kazi za mchezo tuliziita "misheni", neno ambalo kwa babu zetu lilimaanisha kanisa na shule ya wazungu. Viwango vya stadi vilikuwa "levo". Mgeni aliyevaa ovyo na kuuliza maswali kila mahali Waingereza walimtukana kwa neno lao, sisi tukamwita "limbukeni", na nathubutu kusema letu lilimfaa zaidi, kwa sababu limbukeni si mjinga tu. Ni mtu aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza akalewa nacho. Aliyekufa mchezoni alirudishwa Lumbridge akiwa amepoteza vingi alivyobeba, na saiba nzima ingesema, "Amerudishwa ushago!" Kila aliyetoka kwenye kiti alikuwa na kisa cha kuwasimulia waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu. Alitia chumvi, aliigiza sauti ya mpishi, akaruka kama mazimwi wa chini ya ardhi. Benchi lile ndilo lililokuwa jukwaa. Kompyuta ilikuwa mtoaji wa malighafi tu.

Ndani ya mchezo nako kulikuwa na watu. Usiku mmoja niliandika "mambo?" nje ya benki ya Varrock, kwa mzaha, nikijua hakuna atakayeelewa. Mtu akajibu, "poa, uko wapi wewe?" Alikuwa Mwanza. Kwa miaka miwili tulikata miti pamoja, tukavua samaki pamoja, tukabishana kama "jokofu" ni bora kuliko "friji". Sikuwahi kujua jina lake halisi, wala yeye langu. Mengi ninayoyajua kuhusu Kiswahili cha kanda ya ziwa niliyapata kwake, huku tumeelekeza macho kwenye mti wa msandarusi wa kubuni.

Sasa turejee kwenye kurudi. Anayerudi RuneScape leo hukuta milango miwili, na hapa ndipo palipo na utamu wa kihakiki.

Mlango wa kwanza ni mchezo mkuu, ulioendelea kubadilika. Huko mali yangu yote ipo. Benki ilitunza samaki wangu, magogo yangu, hata ndoo tupu. Lakini nchi yenyewe siijui. Novemba 2012 mfumo mzima wa mapigano ulibadilishwa na wengi wakaona wameporwa mchezo wao. Mwaka huohuo kukaletwa gurudumu la bahati nasibu ambalo mizunguko yake iliweza kununuliwa kwa pesa halisi. Kama mhakiki, hilo la gurudumu nalilaumu bila kigugumizi. Mchezo uliomfunza kijana kwamba jasho hulipa ulianza kumnong'onezea kwamba bahati hulipa haraka zaidi, na sisi Wakenya tulioshuhudia kamari za simu zikiwala vijana wetu tunajua mnong'ono huo huishia wapi. Hata mzaha mmoja nilioupenda uliondolewa: kisa cha Romeo na Juliet, ambamo Romeo wa Shakespeare anageuzwa bwege wa kuchekesha, kilifutwa mwaka 2010.

Mlango wa pili unaitwa Old School RuneScape. Februari 2013 kampuni iliwauliza wachezaji kama wanataka irejeshe nakala ya mchezo jinsi ulivyokuwa Agosti 2007. Zaidi ya kura 400,000 zilipigwa, na nakala ikafunguliwa mwezi huohuo. Huko kila kitu kipo: Romeo yupo na ubwege wake, muziki uleule, ng'ombe walewale wenye pembe butu. Kisichokuwepo ni mali yako. Kila mtu alianza upya, bila kitu.

Ukiitaka mali yako, basi, nchi imebadilika. Ukiitaka nchi yako, mali haipo. Sijui riwaya iliyolitega fumbo la mhamiaji anayerudi kwao kwa ukali kama huu, na halikutegwa na mwandishi yeyote. Lilitokana na maamuzi ya kibiashara. Waliowahi kurudi nyumbani kutoka ughaibuni watanielewa. Kuna anayerudi na pesa akakuta kijiji kimekuwa mji, na kuna anayekuta kijiji vilevile lakini yeye si mtu tena pale.

Nilichagua mlango wa pili. Nikamkama ng'ombe tena, nikaokota yai, nikasaga ngano. Mpishi akanishukuru kwa maneno yaleyale. Hapo ndipo nilipohisi kitu kimepungua, na ilinichukua siku kadhaa kukitambua.

Watu walikuwa wengi, tena wengi kupita kiasi. Lakini walikuwa kimya. Mwaka 2006 hakuna aliyejua njia, kwa hivyo ilibidi tuulizane. Ujinga wetu wa pamoja ndio uliotufanya tuongee. Mchezaji wa leo ana mwongozo ubavuni unaomwambia asimame wapi, abonyeze nini, na atavuna alama ngapi kwa saa. Anajua, kwa mfano, kwamba kufika levo 99 kunahitaji alama 13,034,431, na kwamba levo 92 ni alama 6,517,253 tu. Yaani ukifika 92 ndipo umefika katikati ya safari! Sisi tulisema haba na haba hujaza kibaba bila kujua kibaba kina ukubwa gani, na kutojua huko ndiko kulikotupa moyo.

Wenzangu walimu wataifahamu hali hii. Ni ileile ya mtahiniwa anayesoma mwongozo wa riwaya teule badala ya riwaya. Anawajua wahusika wote, maudhui yote, mbinu zote za lugha, na swali la insha hatalikosa. Lakini ukimuuliza ni wapi alicheka, anakutazama tu. Maandishi ya riwaya hayajabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni msomaji, na kwa hivyo kazi yenyewe imekuwa nyingine.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wasemao kwamba ukinasa hadithi ya bibi kwenye kanda, au ukaichapa kitabuni, umeiokoa. Umeokoa maneno. Kampuni ile ilikuwa na nakala timilifu ambayo mtafiti yeyote wa fasihi simulizi angeitamani: kila mti, kila sauti, kila sentensi ya mpishi. Na bado haikuweza kuurejesha mwaka 2007, kwa sababu mwaka 2007 haukuwa kwenye nakala. Ulikuwa kwenye mabenchi.

Ili nisiegemee upande mmoja, nikiri kwamba wachezaji wenyewe waliliona hili mapema kuliko mimi. Old School iliwapa haki ya kupiga kura kuhusu mabadiliko, na mwanzoni pendekezo lilihitaji asilimia 75 ya kura ili lipite. Watu waliokuja wakitaka mchezo usiguswe wakaanza kuidhinisha nyongeza moja baada ya nyingine, hadi bara zima la Zeah likafunguliwa Januari 2016. Wapo wanaouona huo kuwa usaliti. Mimi naona ni hadhira iliyokumbuka kazi yake. Katika fasihi simulizi hadhira haiketi kimya. Huitikia, huuliza, humsahihisha fanani, na kesho hadithi inatambwa tofauti kidogo. Old School ingebaki jinsi ilivyokuwa Agosti 2007, naamini ingekuwa makumbusho, na watu huzuru makumbusho mara moja tu.

Usiku wa mwisho nilirudi kwenye akaunti ya zamani, kule kwenye mlango wa kwanza, nikafungua orodha ya marafiki. Jina la aliyeko mtandaoni huonyeshwa kwa rangi tofauti na la asiyekuwepo, ambalo huwa jekundu. Langu lilikuwa ukurasa mwekundu kutoka juu hadi chini. Homer alimrudisha Odysseus nyumbani baada ya miaka 20 na akakuta angalau mbwa wake Argos anamtambua. Mimi nilitambuliwa na benki. Niliandika "mambo?" kwa jina la yule bwana wa Mwanza, na mfumo ukanijulisha kuwa hayupo.

Sikuandika makala haya ili nimlilie mtu mmoja. Kinachoniuma ni kikubwa zaidi. Saiba zile zimefungwa karibu zote; simu za mkononi ziliziua. Pamoja nazo kimepotea Kiswahili kizima cha michezo: misheni, levo, vicheko vya "amerudishwa ushago", na masimulizi ya vijana waliosubiri zamu. Ulikuwa utambaji, tena mahiri, nasi wataalamu tulipita nje ya mlango tukielekea kijijini na vinasa sauti vyetu kumtafuta bibi mwenye ngano za sungura na fisi. Tuliamini fasihi simulizi inaishi kule tu.

Waliokaa kwenye mabenchi yale sasa wana miaka thelathini na kitu, arobaini hivi. Wako hai na wanakumbuka. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya tasnifu na aanze nao, kabla na wao hawajawa wazee ambao kila mtu husema tungewahoji mapema. Asiwaulize mchezo ulikuwaje, maana huo kampuni imeutunza. Awaulize walisema nini walipokuwa wakiucheza, na nani alicheka.