Namna ya Kuipima Sanamu ya Mwimbaji

Mtu aliyezoea kuchagua vyungu vya Wakisi katika soko la Matema huko Kyela, vyungu ambavyo akina mama wa Ikombe huvifinyanga kwa mkono na kuvileta kwa mitumbwi, hahitaji kufundishwa upya namna ya kuipima sanamu ya shaba nyeusi, maadamu nayo aghalabu huanza katika udongo, ikatolewa kalibu, ikatiwa nta, hata mwisho shaba iliyoyeyuka ikashika mahali pa nta. Chungu hugongwa kwa kidole kikasikilizwa, sanamu huzungukwa.

Nachukua mfano wa sanamu ya mwimbaji na mpiga piano Nina Simone, kazi ya Zenos Frudakis, iliyozinduliwa mwaka 2010 mjini Tryon, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, alikozaliwa mwimbaji huyo tarehe 21 Februari 1933. Watazamaji wengi hukimbilia uso. Mimi nasema uso utazamwe mwisho, kwani kufanana hupatikana hata kwa fundi wa kadiri. Anza na mgongo: je, uzito wa mwili umeshuka kitini, na nguvu ya mikono yatoka begani, au mikono imebandikwa tu? Hapa mtihani ni mkubwa, kwa kuwa Frudakis ameiondoa piano yote akabakiza safu ya vibonyezo inayojipinda hewani, na vidole vikilegea hata kidogo, hila yote huanguka.

Kisha chunguza kwapa na mikunjo ya nguo, ambako vipande vya shaba huungwa kwa kuchomelewa, na ambako fundi mvivu huacha tupa kabla ya wakati. Michirizi ya kijani ni taksiri ya watunzaji, si ya msanii.

Mahali napo ni sehemu ya kazi. Katika mji huohuo, kwa simulizi yake mwenyewe, binti huyu alikataa kupiga piano mbele ya watu mpaka wazazi wake, walioondolewa viti vya mbele kwa sababu ya weusi wao, warudishwe. Kwa hiyo sanamu yake kuwekwa katikati ya mji, na sehemu ya majivu yake kutiwa ndani ya moyo wa shaba kifuani, ni haki iliyotimizwa, nami naiheshimu kuliko ustadi wowote.

Asiyeweza kufika huko ajizoeze kwa sanamu ya Askari wa Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927, akiangalia jinsi miguu inavyobeba mwendo. Na Kyela ikiazimia kumwekea mwimbaji wake sanamu, wazee na wadai kwanza kuuona mfano wa udongo, tena kwa upande wa mgongoni, kwa kuwa udongo hurekebishika kwa kidole gumba, na shaba haina marudio.