Karatasi ya vidonge vya moyo: tuisome kama watu wa diplome

Wenzangu, kuna karatasi moja ya rangi inayozunguka hapa Kalundu, toka bandarini mpaka sokoni. Inauza vidonge vya madini, yaani kalsiamu, magneziamu na potasiamu, vyote katika kopo moja, eti vinasafisha mishipa ya damu na kushusha tansiyo. Ninaikosoa hapa kwetu juu wanaoipitisha wengi ni sisi: vijana waliomaliza chuo, kazi hakuna, wakaingia katika mnyororo wa kuuza. Mama akiona aliyemletea kopo amesoma, anaamini na kulipa.

Karatasi inaanza na ukweli. Moyo unahitaji madini haya ili upige sawasawa. Hakuna munganga atakayekataa. Halafu inaruka: kwa kuwa mwili unayahitaji, basi ukiongeza vidonge moyo utakuwa na nguvu zaidi. Hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa pointi. Injini ya mtumbwi inahitaji mafuta, lakini tangi ikiwa imejaa, bidoni ya pili haikufikishi Baraka mapema.

Tuanze na kalsiamu. Mwaka 2010, Mark Bolland na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa majaribio 11 yenye watu karibu 12.000. Waliomeza kalsiamu walipata shambulio la moyo zaidi ya wengine, kwa karibu asilimia 27. Wataalamu wengine waliyapinga matokeo hayo. Mwaka 2018 ukatoka uchambuzi mwingine mkubwa: kalsiamu ya vidonge haikuonyesha faida ya kuzuia magonjwa ya moyo. Kwa hiyo ubishi uliopo ni kama inadhuru ama haifanyi kitu. Kusafisha mishipa hakumo. Na sisi tunaokula ndagala nzima nzima na mifupa yake, kalsiamu tunaitafuna bila kopo!

Magneziamu nayo tuitendee haki. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliunganisha majaribio 34: miligramu kama 368 kwa siku, kwa miezi mitatu, zilishusha tansiyo ya juu kwa milimita 2. Inashusha, ndiyo. Lakini mzee mwenye 17 kwa 10 akifika 16,8, hajatoka hatarini.

Potasiamu ndiyo yenye hoja ya nguvu, na ndipo karatasi inanishangaza zaidi. Huko China, katika vijiji 600, watu karibu 21.000 walifuatwa miaka kama mitano. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupata kiharusi. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ya jikoni ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Sasa angalia vizuri: haikuwa kidonge. Ilikuwa chumvi, na sehemu ya sodiamu ilikuwa imeondolewa. Karatasi haina neno juu ya kupunguza chumvi, makayabo wala kube za kupikia, wakati OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Tunaelewa: nani atapata komisheni kwa kumwambia mama apunguze kube? Potasiamu yenyewe iko katika sombe, lengalenga, maharagi na ndizi.

Kuna pia maneno yasiyoandikwa. Nimesikia muuzaji akimwambia mama mmoja kwamba akimaliza makopo mawili ataacha dawa za hospitali. Mwenye tansiyo akiacha dawa zake hasikii kitu, hana maumivu, anadhani kopo limemponya. Huku tansiyo inapanda. Na asipoziacha, bado kuna swali. Kama anameza enalapril ama losartan, dawa hizo tayari zinazuia potasiamu kutoka mwilini. Ukimuongezea ya vidonge, na figo zake zimechoka, potasiamu inajaa katika damu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika mpaka usimame. Muuzaji hakumuuliza mama yule anameza dawa gani, wala kama figo zake ziko sawa. Na karatasi haimuombi aulize.