Jepesi, Hafifu na Rahisi: Kuhusu Tafsiri ya Mwongozo wa Gari la Mbio

Rasimu tunayoihakiki hapa ilitufikia kutoka Naliendele, karibu na mji wa Mtwara. Ni tafsiri ya mwongozo wa Kiingereza unaomfundisha mtu kuunda nyumbani kwake, kwa fedha kidogo, gari jepesi la mbio. Huchukuliwa gari dogo kuukuu, likavuliwa viti, mazulia na kila kisichohitajiwa, likatiwa kizimba cha chuma cha kumkinga dereva, kisha likaimarishwa miguu, breki na injini. Mtafsiri hakutia jina lake, nasi hatukulitafuta. Kusudi lake amelieleza katika utangulizi: mafundi wa gereji wasome wenyewe, wasisubiri kusomewa na aliyebahatika kujua Kiingereza. Kusudi hilo ni jema, na sarufi ya rasimu kwa jumla ni safi. Kasoro zake zimo katika istilahi, na ndizo zilizotushawishi kushika kalamu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na mchezo wa watu wachache. Jibu letu ni kwamba matini ya namna hii huipima lugha kuliko hotuba. Karani akikosea maana ya istilahi, barua huandikwa upya. Fundi akikosea maana ya istilahi, huikata na kuichomelea, na mtu mwingine akaketi ndani yake kwa mwendo wa kilomita mia kwa saa.

Tuanze na jina la mchezo wenyewe. Mchezo huu ulianzishwa Lydden Hill, katika jimbo la Kent, Uingereza, tarehe 4 Februari 1967, kwa ajili ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Magari kadhaa huondoka pamoja na kuzunguka mara chache katika njia fupi iliyofungwa, sehemu lami na sehemu udongo. Kwa hiyo si rali, ambamo kila gari hushindana na saa katika masafa marefu, kama ilivyokuwa katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mtafsiri wetu ameuita “mbio za nyika za magari”. Kosa lake laeleweka, lakini “mbio za nyika” ni mali ya wanariadha tangu zamani, nazo hukimbiwa kwa miguu. Tena nyika humpa msomaji picha ya uwanda mpana usio na mipaka, ilhali njia ya mchezo huu ni fupi na ina kingo. Twaona heri kusema ralikrosi, kama tunavyokwisha kusema rali. Neno la mkopo lisilo na maana nyingine lafaa kuliko neno la nyumbani lililokwisha kuposwa na jambo jingine.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtafsiri ameipa rasimu yake anwani hii: “Namna ya Kuunda Gari Hafifu kwa Njia Rahisi”. Maneno mawili kati ya hayo yamemponza katika kila sura.

Hafifu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kuwa na uzito mdogo. Mtafsiri aliyesoma chuoni hapana shaka aliliona limemfaa kabisa. Lakini maneno yakisafiri hubadilika tabia. Mswahili anaposema mwanga hafifu, matokeo hafifu au kitambaa hafifu, hasemi juu ya mizani. Asema juu ya upungufu. Gari hafifu ni gari bovu. Mtu angeweza kuliacha hilo kama dosari ya anwani tu, na kwamba fundi ataelewa akiendelea kusoma. Lakini katika sura ya kizimba twasoma sentensi hii: “Sehemu nyingine za kizimba ziwe hafifu kuliko tao kuu.” Mwongozo ulikusudia jambo la vipimo. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, zataka tao kuu, yaani lile linalosimama nyuma ya dereva, liundwe kwa neli yenye kipenyo kisichopungua milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Sehemu nyingine zaruhusiwa kuwa za milimita 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Chuma ni kilekile na uchomeleaji ni uleule. Kilichopungua ni kipenyo. Fundi anayeambiwa “hafifu” ataokota chochote kilichobaki pembeni mwa gereji, naye atakuwa ametii maandishi.

Lilikuwapo neno -epesi, la kibantu, linalojulikana na mtoto. Tunakiri kwamba nalo lina maana ya pili, maana husemwa pia kazi nyepesi. Lakini likiambatana na kitu kinachoshikika, kama gari, mlango au gurudumu, halina utata. Na pale penye vipimo, mtafsiri asitumie sifa hata kidogo. Aandike milimita.

Rahisi limeleta madhara ya namna nyingine. Katika Kiarabu ni la bei tu. Sisi tumelipa kazi ya pili, ya kitu kisicho na ugumu kukifanya, na rasimu imeliongezea ya tatu, ya kitu kisicho na sehemu nyingi. Basi twakuta “breki rahisi”, “kiti rahisi” na “difu rahisi”, wala hatujui kama fundi anashauriwa atafute cha bei ndogo, au cha kufunga bila taabu, au chenye vipande vichache. Mara nyingi katika kazi hii mambo hayo matatu hupingana. Kuchomelea difu ili magurudumu mawili yazunguke pamoja ni jambo la bei ndogo sana, tena lina vipande vichache kuliko difu la kujifunga lenyewe. Lakini kuliendesha gari hilo kwenye kona si kazi rahisi hata chembe. Tunapendekeza nafuu kwa bei, rahisi kwa kazi, na sahili kwa muundo. Neno sahili limo katika kamusi zetu, na lasikika zaidi vitabuni kuliko mitaani, lakini hilo si kosa lake.

Tofauti hizi zimewahi kuonekana waziwazi katika Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari kutoka Kenya, na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Lilikuwa gari la bei nafuu ukilinganisha na magari mapya ya viwanda. Mtu angeliita hafifu angechekwa barabara nzima.

Neno lililotutia wasiwasi kuliko yote ni bomba. Rasimu yaagiza kizimba kiundwe kwa “bomba la chuma”. Tumfikirie msomaji aliyekusudiwa. Naliendele ni makao ya kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana nchini kwa kazi yake juu ya korosho, na mkulima wa huko hulijua bomba kwanza kama chombo cha kupulizia dawa. Zahanati bomba ni la sindano. Nyumbani ni la maji. Katika yote hayo, lililo karibu na kizimba ni la maji, nalo ndilo lisilofaa. Kanuni zataka chuma cha kaboni kilichovutwa kikiwa baridi, kisicho na mshono. Bomba la maji la kawaida hukunjwa kutokana na bamba na kuungwa kwa urefu wake. Gari likipinduka laweza kupasuka kwenye ule mshono. Zaidi ya hayo, aghalabu limepakwa zinki, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea humletea fundi homa. Sisi tungeandika “neli ya chuma isiyo na mshono”, na katika mtajo wa kwanza tungeongeza kwamba bomba la maji haliruhusiwi. Kuna watakaosema kuwa mafundi huita paipu, na neli hawaijui. Ni kweli. Lakini paipu nayo huchukua aina zote, na hapa twahitaji neno litakalomfanya fundi asimame kidogo na kuuliza.

Lipo kosa jingine ambalo lingechekesha lau si mahali lilipo. Kati ya injini na dereva kuna bamba la kuzuia ndimi za moto zisipenye. Kiingereza hulitaja kwa kuunganisha neno la moto na neno la ukuta, na mtafsiri ameliunganisha vivyo hivyo: “ukuta wa moto”. Kwa Kiswahili huo ni ukuta unaowaka. Kihusishi -a cha kwetu hakitoshi hapa kueleza kwamba ukuta huo ni adui wa moto, isipokuwa tukitamka kitenzi chenyewe. “Kiambaza cha kukinga moto” ni kirefu, lakini agizo la kuziba kila tundu lililobaki baada ya kuondoa nyaya sasa laeleweka sababu yake.

Si haki kutaja makosa peke yake. Mtafsiri amelitumia kizingiti kwa ule ukingo wa chini ya mlango wa gari, na hatujaona chaguo bora kuliko hilo. Katika pwani yenye hewa ya chumvi, hapo ndipo kutu huanzia, na fundi akiambiwa apige kizingiti kwa bisibisi asikilize kama kimeoza ndani, hahitaji mchoro. Kuchonga pia amelitumia vizuri. Mafundi wa mashine husema kuchonga bushi, kama vile Mmakonde asemavyo kuchonga kinyago, na ingawa kamusi zina kukereza kwa kazi ya mashine ya kuzungusha, hatuoni sababu ya kumfukuza mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni mheshimiwa.

Ila upande wa bahari, ambako ndiko hazina iliko, mtafsiri hakutazama sana. Kanuni za mashindano huweka uzito wa chini kwa kila daraja la magari, na gari lililopunguzwa kupita kiasi hulazimika kurudishiwa mzigo usio na kazi. Rasimu yauita “uzito wa ziada wa lazima”. Katika pwani hii, toka Mikindani hata mlango wa Ruvuma, kitu hicho kina jina tangu enzi za jahazi: farumi. Neno hili lina faida kuliko ufupi wake. Baharia ajua kwamba farumi hulala chini kabisa ya chombo na hufungwa isihame, kwa sababu ikipanda chombo hupinduka, na ikihama hupinduka upesi zaidi. Hayo ndiyo mwongozo uliyotumia aya nzima kuyaeleza. Wala si jambo geni kwa gari kuazima kutoka jahazini. Usukani tunaoushika leo garini ulikuwa wa chombo kwanza.

Kuhusu majina ya vipuri tutasema kidogo tu. “Kifyonza mtikisiko” kiondolewe na shokapu irudi mahali pake, kwani hakuna duka la vipuri litakalokielewa. Wanaoogopa mikopo wakumbuke jinsi wakulima wa korosho wanavyosema katika sentensi moja kwamba wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga. Salfa ni mkopo, ubwiriunga umeundwa kwa unga wetu wenyewe, na hayagombani.

Jambo la uzito na tungamo linahitaji uangalifu. Vitabu vya fizikia hutenganisha viwili hivyo, na ni sawa. Lakini rasimu huruka toka kimoja hadi kingine bila kumwonya msomaji. Gari la kilo 800 likipunguzwa hadi 700, kwa injini ileile na kani ileile, mchapuko wake huongezeka kwa sehemu moja ya saba. Fundi ataelewa hesabu hiyo kwa neno uzito, kwani mizani yake yasoma kilo. Tungamo libaki katika ile sehemu moja ya mwongozo inayoeleza kwa nini kilo moja iliyotolewa kwenye gurudumu, ambalo lazima lizungushwe huku likisukumwa mbele, ina faida kuliko kilo moja iliyotolewa kwenye kiti.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kumsaidia mtafsiri. Dereva wa ralikrosi huingia kwenye kona akiwa ameliachia gari liende kiubavu kwa makusudi, na mwongozo hutofautisha hali hiyo na ile ya gari kumponyoka. Rasimu huita zote mbili kuteleza. Kuserereka lingeweza kuchukua ya kwanza, lakini kwa masikio yetu mtu hata huserereka bila kupenda. Nahodha ambaye chombo chake husukumwa ubavu na mkondo mlangoni mwa Ruvuma, naye bado amekishika na ajua kitakapofikia, yaelekea ana neno lake. Wasomaji wetu wa Msimbati, Mikindani na Mtwara mjini wanaombwa watuletee neno hilo, pamoja na sentensi mbili tatu zinazoonyesha linavyotumika.